Roboti ya kufagia na kudeki: pima nyumba kabla hujaingia dukani

Tangu niweke roboti ya kufagia sebuleni kwangu, hapa Dar, swali ni lile lile kila wiki. Shemeji ananitumia picha ya boksi saa nne usiku: "Hii vipi?" Jirani wa ghorofa ya pili hataki maelezo, anataka jina tu akanunue. Shangazi alinivuta pembeni kwenye arobaini ya babu, sahani ya pilau mkononi, akaniuliza kama ile "sinia inayotembea" inapanda ngazi. Haipandi, shangazi.

Jina siwapi, na si uchoyo. Roboti inayonifaa mimi mwenye vigae kila chumba inaweza kuwa kero tupu kwako mwenye zulia la manyoya na vizingiti vya mbao. Wengi niliowaona wakijuta hawakununua mashine mbovu. Walinunua mashine nzuri ya nyumba ya mtu mwingine. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye sakafu yako, dukani tutafika baadaye.

Na tuelewane mapema kuhusu kazi yenyewe. Roboti inapunguza vumbi la kila siku. Haisugui ugali uliokaukia chini ya meza, haiingii kwenye kona kali za ukuta, haioshi choo wala baraza. Dada wa kazi atabaki na kazi zake, ila ule ufagio wa kila asubuhi ndio utakaopungua. Ukiipokea kwa matarajio hayo mtaelewana.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Futi kamba
- Kalamu na karatasi
- Boksi kuukuu la kukata, na mkasi
- Nenosiri la Wi-Fi ya nyumbani, na jina la mtandao wenyewe
- Bajeti ya mashine, na bajeti nyingine ndogo ya vipuri vya mwaka mmoja
- Nusu saa ya kupiga magoti ukichungulia chini ya vitanda

Usiruke hiyo ya mwisho.

Hatua ya 1: Pima nyumba

Anza na vizingiti. Pima urefu wa kila kizingiti cha mlango kutoka sakafuni. Roboti nyingi hupanda kama sentimita 2, na hapo ni pale kizingiti kikiwa na mteremko kidogo. Kikiwa kimesimama wima kama tofali, hata hizo 2 zinaweza kuishinda. Nyumba za zamani za Pwani zina vizingiti vya mbao ambavyo hata mtoto hujikwaa. Hapo roboti itabaki upande mmoja hadi uibebe. Zipo mashine mpya za bei ya juu zenye miguu au magurudumu ya ziada, zinapanda zaidi. Ila soma maandishi madogo kwenye boksi: mara nyingi ule urefu mkubwa unaotangazwa ni wa ngazi mbili zilizofuatana, moja baada ya nyingine, si ukuta mmoja.

Kisha samani. Roboti nyingi ni duara la upana wa sentimita 35 hivi. Zile zenye kibanda cha leza mgongoni, kile cha kupimia umbali wa kuta, hufika kimo cha karibu sentimita 10, zisizo nacho ni kama 8. Sasa chukua lile boksi, kata duara la sentimita 35, lipandishe kimo cha sentimita 10 kwa vipande vya maboksi na gundi, uwe na roboti ya bandia. Isukume chini ya kila kitanda, kochi na kabati la TV. Pitisha katikati ya miguu ya viti vya chakula. Inapokwama, andika. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kochi langu kubwa lina uwazi wa sentimita 9 tu: roboti ya leza ingekuwa inaligonga kila siku, na chini yake ndiko kulikokuwa na vumbi la miaka minne, kalamu sita na rimoti ya king'amuzi tuliyokwisha kuizika.

Uwazi ulio sawasawa na kimo cha roboti ni mbaya kuliko uwazi mdogo. Uwazi mdogo huizuia, uwazi wa kubana huiingiza na kuing'ang'ania. Acha nafasi ya sentimita 1 au 2 juu yake.

Mwisho, andika mitego. Nyumbani kwetu iko mingi:

- Feni ya kusimama yenye kitako cha duara. Roboti inapanda kitako, magurudumu yanaelea, inaita msaada.
- Mbuzi ya kukunia nazi iliyoachwa jikoni. Shida ni ile ile.
- Mapindo ya mswala na nyuzi za pembeni za mazulia.
- Mkeka wa ukili ulioanza kufumuka ukingoni.
- Chaja za simu, ndala mlangoni, kanga iliyoteleza kutoka kitandani.

Kama orodha yako ni ndefu na hakuna mtu wa kuviokota kila siku, unahitaji mashine yenye kamera ya kutambua vitu mbele yake. Kama nyumba huwa imeshapangwa, hiyo ni pesa unayoweza kuiacha mfukoni.

Hatua ya 2: Ujue uchafu wako

Kila nyumba na uchafu wake. Karibu na bahari au barabara ya vumbi, tatizo ni mchanga. Nyumba yenye wasichana wanaosuka, tatizo ni nyuzi za rasta, na hizo ni adui kuliko vumbi lolote: zinajisokota kwenye brashi kuu na kwenye ekseli za magurudumu mpaka mashine inakaba. Kama ndiyo hali yako, tafuta brashi ya mpira mtupu, si ile yenye manyoya, na hakikisha inachomoka pande zote mbili bila bisibisi.

Mwenye paka au mtoto anayejifunza kuacha nepi, sikiliza. Roboti isiyo na kamera haijui tofauti ya mchanga na kinyesi. Itapita juu yake, itaingia chumbani, itarudi sebuleni. Sitaendelea. Kwako kamera ni lazima, au uiwashe ukiwepo tu.

Hatua ya 3: Chagua macho yake

Hapa ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda kwanza, kabla ya nguvu na kabla ya deki.

Zile za bei ya chini kabisa hazina macho. Zinagonga, zinageuka, zinaenda kwa kubahatisha, au zinafuata mistari kwa kihisi cha mwendo na kupotea baada ya kugongwa mara mbili. Kwa chumba kimoja zinatosha. Kwa nyumba ya vyumba vitatu utaikuta imefagia korido mara tano na chumba cha watoto haikukiona.

Zenye leza huzungusha mwanga na kupima umbali wa kuta, zikachora ramani. Zinafanya kazi hata gizani, na kwenye simu yako utaona vyumba, utaiambia ifagie jiko tu baada ya chakula cha jioni. Kwa nyumba nyingi hili ndilo chaguo. Udhaifu wake ni vioo: kioo cha kuvalia kinachofika chini, au kabati la vyombo la vioo vitupu, huidanganya ikaona chumba kisichokuwepo. Dawa ni kuchora mpaka kwenye ramani mbele ya kioo hicho.

Zenye kamera pekee huhitaji mwanga. Zile za bei kubwa huchanganya leza na kamera. Kama kamera ndani ya nyumba inakukera, na watu wana haki ya kukereka, nunua ya leza tupu. Chumba cha kulala ni chumba cha kulala.

Hatua ya 4: Usitishwe na Paskali

Muuzaji ataanza na namba: Paskali 4,000, 8,000, 20,000. Hiyo ni nguvu ya kufyonza, na kila kampuni hupima kwake kwa namna yake, kwa hiyo namba za kampuni mbili tofauti hazilinganishiki vizuri. Kwenye vigae, mchanga na makombo hayajashikilia kitu. Nguvu ya Paskali 2,500 hadi 4,000 inatosha. Nguvu kubwa ina maana kwenye mazulia mazito, ambako vumbi limejificha ndani ya nyuzi.

Kwenye sakafu ngumu tatizo hasa ni brashi ndogo ya pembeni. Ikizunguka kwa kasi hurusha chembe za mchanga huku na huko kama mtoto anayecheza ufukweni, roboti ikipita chembe zimehamia nyuma yake. Niliiweka yangu kwenye nguvu ya chini, brashi ikapunguza kasi, na sakafu ikawa safi zaidi. Shemeji hakuamini mpaka alipovua viatu akakanyaga mwenyewe.

Hatua ya 5: Amua kuhusu deki

Kuna deki za aina nne.

1. Tambara la kuburuta. Kitambaa kimefungwa chini, maji yanadondoka kidogo kidogo kutoka kwenye tenki dogo. Linapangusa vumbi jepesi. Alama ya chai ya jana litaipita tu.
2. Tambara linalotetemeka. Nafuu kiasi, linasugua kidogo.
3. Matambara mawili ya duara yanayozunguka. Hapa ndipo deki inapoanza kuitwa deki.
4. Rola inayozunguka huku ikijisafisha yenyewe kwa maji safi. Ni ya bei kubwa, na nzuri kwa jiko la watu wanaokaanga samaki kila siku.

Kosa ninaloliona zaidi kuliko yote ni kufagia na kudeki kwa wakati mmoja kwenye sakafu yenye mchanga. Mchanga unakutana na tambara bichi, unakuwa tope, na roboti inakuchorea mistari ya kahawia chumba kizima. Kisha mtu anasema mashine ni mbovu. Hata dada hawezi kudeki kabla ya kufagia, kwa nini roboti iweze? Tafuta mashine ambayo programu yake ina chaguo la kufagia nyumba nzima kwanza, halafu kurudi kudeki. Kama yako haina, ipitishe mara mbili: ya kwanza kavu, ya pili na tambara.

Una mazulia? Uliza kama mashine inanyanyua matambara ikihisi zulia, na kwa kimo gani. Nyingi hunyanyua kama sentimita 1 au pungufu. Hiyo inatosha kwa zulia jembamba. Zulia la manyoya marefu, lile la kuzamisha vidole vya miguu, litalowa hata hivyo, na manyoya yatajisokota kwenye brashi. Liwekee mpaka kwenye ramani au likunje siku ya deki. Mashine nyingine huyaacha matambara kituoni, pale zinapochajiwa, kabla ya kupanda zulia; kama nyumba yako nusu ni mazulia, hiyo ndiyo ya kutafuta.

Kuhusu maji: Dar na Mombasa wengi wetu tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Yakikauka yanaacha utando mweupe kwenye vigae vyeusi na kuziba vitundu vidogo vya maji ndani ya mashine. Tumia maji yasiyo na chumvi kwenye tenki. Na usitie dawa ya madoa yenye klorini, wala sabuni ya unga, wala ile dawa ya kunukia ya sakafuni inayotoa povu. Tia kile tu ambacho kitabu cha mashine kimeruhusu. Povu likiingia kwenye pampu, waranti itakukimbia.

Hatua ya 6: Chagua kituo

Kituo ni pale roboti inapolala. Kuna cha kuchajia tu, kidogo kama kitabu. Kuna kinachofyonza vumbi kutoka kwenye roboti na kulihifadhi kwenye mfuko wa lita 2.5 hadi 3. Na kuna kile kikubwa chenye matenki mawili, la maji safi na la maji machafu, kinachoosha matambara na kuyakausha kwa hewa ya moto.

Ushauri wangu kwa anayeishi Pwani: kama utadeki kweli, jitahidi ufike kwenye hicho cha tatu, hasa kwa ajili ya kukausha. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Tambara bichi likilala chini ya roboti usiku mmoja, asubuhi sebule inanuka kama taulo lililosahaulika kwenye begi la mazoezi. Usipoweza bei yake, basi kila baada ya deki lichomoe tambara, lifue, lianike juani. Ni dakika tatu, lakini ni kila siku, na ndiyo kazi ambayo watu huichoka mwezi wa pili.

Kituo cha maji si cha kusahau pia. Tenki la maji machafu lisipomwagwa siku mbili tatu linatoa harufu ya mtaro. Na kile cha mfuko wa vumbi, ukiwa na makombo ya maandazi ndani, sisimizi watapanga foleni kukiingia. Niliwakuta wameshapiga mstari kutoka dirishani.

Pima pia mahali pa kukiweka: pagumu, tambarare, penye ukuta nyuma, nusu mita wazi kila upande na mita moja na nusu hivi mbele. Korido nyembamba hazifai. Chini ya kabati la jikoni mara nyingi hakiingii, kwa sababu mfuniko wake unafunguka kwa juu.

Hatua ya 7: Umeme, plagi na nchi ilikotoka

Hatua hii inawahusu hasa wanaoletewa zawadi na ndugu wa nje.

Tanzania tunatumia volti 230, Kenya na Uganda 240, plagi ya meno matatu ya mraba. Mashine kutoka Dubai au Oman huja na volti na plagi zinazotufaa. Ya kutoka China ni volti 220. Umeme unakubali, plagi ndiyo tofauti, tafuta waya au adapta nzuri, si ile inayolegea ukiigusa. Ya Marekani ni volti 120. Kituo kidogo cha kuchajia kinaweza kuwa kimeandikwa 100–240 kwa nyuma, hapo huna shida. Kile kikubwa chenye hita ya kukaushia kwa kawaida kimetengenezwa kwa 120 pekee. Binamu yangu alituletea kimoja kwenye begi kwa mapenzi yote; tulikichomeka, kikatoa mlio mmoja mfupi na harufu ya plastiki inayoungua, na roboti ilikuwa bado kwenye nailoni yake. Geuza kituo, soma kibandiko, ndipo uchomeke.

Mashine zilizotengenezwa kwa soko la ndani la China zina jambo lingine: nyingi zinazungumza Kichina tu, na programu ya simu hukulazimisha kuchagua eneo la China ndipo ikubali kuunganishwa. Kuna wanaoishi nazo bila shida. Mwulize muuzaji swali hili waziwazi: "Hili ni toleo la kimataifa au la China?" Akikujibu "ni original kabisa", hajakujibu.

Wi-Fi: roboti nyingi hukubali mtandao wa gigahezi 2.4 tu. Rauta nyingi hutoa mitandao miwili, na ule wenye "5G" mwishoni mwa jina roboti hiyo haitauona. Angalia leo kama rauta yako ina huo mwingine. Anayetumia intaneti ya simu kwa kuigawa ajue kwamba simu ikitoka na mwenyewe, roboti inabaki bila amri za mbali, ingawa kitufe chake cha mgongoni bado kinaiwasha.

Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ni hatari kwa kituo kama ilivyo kwa friji. Kiwekee kile kifaa cha kulinda umeme kama ulichonacho kwenye friji. Kuhusu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, usiogope: betri kubwa ya kawaida ni mAh 5,200 kwa volti 14.4, yaani wati-saa 75. Kuijaza ikiwa tupu ni kama sehemu moja ya kumi ya uniti. Hita ya kukaushia matambara ndiyo inayokula zaidi. Hiyo unaweza kuipunguzia muda kwenye programu.

Hatua ya 8: Ulizia vipuri kabla ya mashine

Ukifika Kariakoo, au mtaa wa Luthuli kwa walio Nairobi, usianze na bei ya roboti. Anza hivi: "Kaka, una filta za hii? Mifuko? Brashi za pembeni?" Filta na brashi za pembeni hubadilishwa kila miezi 3 hadi 6, brashi kuu miezi 6 hadi 12, matambara mapema zaidi. Kama hana hata kimoja, na wa duka la pili hana, umeshapata jibu lako. Roborock, Dreame, Ecovacs na Xiaomi zina vipuri vingi vya kuagiza mtandaoni, hata vya kampuni nyingine vinavyoingiliana. Mashine yenye jina ambalo hujawahi kulisikia, hata ikiwa nusu bei, filta ikichakaa itakuwa pambo.

Jumlisha bei ya vipuri vya mwaka kwenye bei ya mashine, ndipo ulinganishe.

Hatua ya 9: Ijaribu hapo hapo

Mwombe muuzaji aiwashe. Sikiliza: mlio uwe wa kufanana, usio wa kukwaruza. Igeuze, zungusha magurudumu kwa kidole. Yabonyee na kurudi. Bonyeza bampa ya mbele kulia na kushoto. Chomoa tenki, angalia mpira wa kuzuia maji. Kama ukingo wa filta una vumbi, mashine imeshatumika, na bei ishuke au uondoke. Hakikisha stakabadhi imeandikwa namba ya mashine yenyewe. Neno "roboti" peke yake kwenye stakabadhi halitakusaidia siku ya kudai waranti.

Hatua ya 10: Wiki ya kwanza nyumbani

1. Ichaji ijae kabla ya kazi ya kwanza.
2. Okota kila kitu sakafuni, fungua milango ya vyumba vyote, iache ichore ramani bila kudeki. Watu wakae kochini, miguu juu. Usiibebe katikati ya kazi hata ikikuonea huruma.
3. Kwenye ramani, gawa vyumba na uweke mipaka: feni, mswala, kioo, zulia la manyoya, ngazi.
4. Ngazi ijaribu ukiwa karibu. Chini ya roboti kuna vihisi vya ukingo vinavyoizuia isianguke; vipanguse kwa kitambaa kikavu, vumbi huvipofusha.
5. Panga muda. Mimi naiwasha saa tatu asubuhi, watoto wakiwa shule. Usiipange usiku kama umepanga ghorofani juu ya mtu.
6. Mfundishe kila anayeishi humo, si wewe tu. Dada ndiye atakayekuwa nayo mchana kutwa. Akijua kufungua kisanduku cha vumbi na kutoa rasta kwenye brashi, mashine itadumu.

Ikigoma

*Inazunguka palepale kama mbwa anayefukuza mkia.* Gurudumu moja limekabwa na uzi, au bampa imenasa kwa chembe ya mchanga. Toa uzi, pigapiga bampa taratibu kwa kiganja.

*Inakataa kupanda zulia jeusi.* Vihisi vya ukingo vinaona weusi kama shimo. Kuna watakaokushauri uvizibe kwa karatasi ya gundi. Kama nyumba yako ina ngazi, usithubutu.

*Inaacha mistari.* Umedeki kabla mchanga haujaisha, au tambara limechoka. Punguza maji, fua tambara, fagia kwanza.

*Inanuka.* Tambara bichi, tenki la maji machafu, au filta iliyooshwa ikarudishwa ingali mbichi. Filta ya kuosha ianikwe saa 24 kivulini penye upepo, na uwe na ya pili ya kubadilishia. Kama kitabu hakijasema inaoshwa, usiioshe.

*Nguvu imepungua.* Kagua filta, kisha brashi kuu, kisha tundu la hewa kati ya brashi na kisanduku. Mara nyingi utakuta soksi ya mtoto.

*Ramani imepinda, sebule imeingia chooni.* Kuna aliyeibeba ikiwa kazini au aliyehamisha kituo. Irudishe kituoni, ianze upya. Ikiendelea, futa ramani uchore nyingine.

*Haioni Wi-Fi.* Hakikisha simu yako nayo iko kwenye ule mtandao wa 2.4 wakati wa kuunganisha, zima VPN, kaa karibu na rauta.

*Imezimika kabisa, haiamki.* Kabla hujailaumu betri, angalia soketi. Wiki nzima nilikuwa naikuta yangu imekufa asubuhi, nikashaanza kutafuta bei ya betri mpya. Kumbe dada, kama alivyofundishwa na mama mwenyewe, kila usiku anapita nyumba nzima akizima soketi zote kabla ya kulala. Nilibandika kipande cha plasta juu ya swichi, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: HII USIZIME. Kesho yake alizima ya friji.